Hilux mbili, barabara ya Masisi na ile kelele ya asubuhi

Hilux ya papa ilikuwa nyekundu, pikapu ya esansi ya mwaka 1986, motere 22R, na kila asubuhi akiiwasha kabla jua kutoka ilikuwa inapiga kelele sekunde mbili tatu hivi kama mama anapepeta maharagi mu sahani ya bati, shaka shaka shaka, kisha inanyamaza na siku yote inatembea muzuri. Papa alikuwa anasema ni supapu zimelegea, vile vimilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi mu motere. Anaita fundi, fundi anafungua kifuniko ya juu, anapima supapu na vile vibati vyembamba, milimeta 0.20 kwa zile za hewa na 0.30 kwa zile za moshi, motere ikiwa moto, anafunga, papa analipa, kesho yake maharagi yamerudi. Ilienda hivyo karibu mwaka muzima. Mimi nilikuwa nasoma sekondari, nalala chumba cha mbele kwetu Majengo, ile kelele njo ilikuwa saa yangu ya kuamka.

Naandika hii yote juu hapa Goma naona watu wengi bado wananunua hizi pikapu za zamani, na wako sawa kabisa kuzinunua, lakini motere nzima inakufa juu ya kitu cha dola kumi ambacho gari ilikuwa imeshakionyesha miezi mingi mbele. Kwetu ilitokea kwa papa, kisha ikanitokea mimi, na bado inaniuma.

Ile 22R haina mukanda wa ndani wa kuendesha supapu kama motere nyingi, iko na cheni. Zile za kwanza za 1981 zilikuwa na cheni ya mistari miwili, kisha karibu 1983 Toyota wakaweka ya mustari moja, na pembeni ya cheni kuna vipande viwili vya plastiki vya kuiongoza isicheze. Kuna pia kitu cha kuikaza ambacho kinasukumwa na mafuta ya motere. Sasa asubuhi mafuta yote yameshuka chini, kile kikazio hakina nguvu, na kama plastiki imeshavunjika (inazeeka, inakauka, inakatika kama kijiko ya plastiki mu maji ya moto) cheni inapiga ukuta mpaka mafuta yapande. Njo maharagi yetu yale. Ilikuwa pale pale mbele ya motere na sisi tulikuwa tunaitafuta juu.

Cheni ikipiga ukuta kila asubuhi inakula ule ukuta. Na nyuma ya ukuta huo kwenye 22R kuna njia ya maji. Siku moja papa akavuta kijiti ya kupima mafuta, mafuta yametoka rangi ya chai ya maziwa. Fundi akasema juenti ya kulasi (gasket ya kichwa cha motere) imeungua, tufungue. Wakafungua kulasi, wakaweka juenti mupya, mafuta mapya, siku nane, chai ya maziwa tena. Papa aliuza mbuzi mbili juu ya ile juenti, mbuzi za mama, na mama hakusema kitu lakini tuliona.

Mwishowe akaja muzee mumoja aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na makamyo ya kahawa. Hakufungua kitu. Alisema tu, "Zima. Ikale usiku. Nitarudia saa kumi na moja asubuhi." Akarudia kweli, na turnevisi (bisibisi) ndefu ya mupini ya mbao. Papa akawasha, muzee akaweka ncha ya turnevisi kwenye kifuniko ya mbele na mupini kwenye mufupa wa sikio, akasikiliza, akaniita mimi mutoto, "Kuja usikie." Nilishtuka. Ilikuwa kama cheni iko ndani ya kichwa yangu. Akahamisha turnevisi juu kwenye supapu: tik tik tik, kidogo tu, sawa sawa. Akarudisha mbele: kelele yote iko pale. Walipofungua ile kifuniko nikaona mustari umechimbwa ndani ya chuma, unaingiza kidole kidogo, na chini kabisa tundu kama punje ya muchele. Punje ya muchele ilikunywa mbuzi mbili.

Ile turnevisi muzee aliniachia alipozeeka zaidi. Niko nayo.

Mimi nilinunua yangu mwaka 2013, Hilux nyeupe ya mazutu (dizeli), double traction, yaani magurudumu yote ine yanavuta, motere 3L, ile ya 2.8 bila turbo, sentimeta za ujazo 2779. Nilikuwa nimeanza biashara ya fromaji (jibini) na viazi vya Masisi, napanda Sake, Mushaki, Karuba, nashuka na mali, na nilikuwa nimechoka kulipa shofere wa watu. Nikasema nitaendesha mwenyewe. Wanaume wa barabarani walizoea kuona mwanamuke ku usukani, ilichukua kama miezi mitatu.

Sasa sikiliza vile niliua motere muzuri, juu ilikufa kwa mikono yangu na ya mafundi wangu wawili, na hakuna hata mumoja wetu alikuwa na nia mubaya.

Ya kwanza ni termostati. Fundi wa kwanza aliitoa. Alisema, "Mama, huku kwetu hakuna baridi ya Ulaya, hii kitu inazuia tu maji, tuitoe motere ipumue." Na mimi nikaona iko na akili. Kitu hakikuwa kinaonekana ni hiki: kwenye hii motere termostati inafanya kazi mbili. Juu inafungua njia ya kwenda radiatere maji yakifika digrii 82, imeandikwa hata kwenye chuma chake. Chini iko na kisahani kidogo ambacho, maji yakiwa moto, kinashuka kufunga njia ya mukato, ile maji yanapita kurudi ndani ya motere bila kwenda kupoa. Ukitoa yote, njia ya mukato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji yanazunguka ndani tu, moto kwa moto, hayaoni radiatere. Kwenye tambarare hauoni kitu, motere inakala hata baridi kuliko inavyofaa na inakunywa mazutu zaidi. Ni kwenye mulima wenye mali njo inakulipisha.

Ya pili ni maji. Kila mutu wa Goma anajua shida ya maji hapa, mutu anachota mahali anapata, na konvuayeri wangu, mutoto wa kunisaidia mu gari, alikuwa anajaza bidoni ku ziwa. Maji ya Kivu ni ya chumvichumvi, angalia sufuria ya mama yeyote anayechemshia maji ya ziwa, pembeni kuna ule weupe mugumu kama chokaa. Ule weupe unajenga pia ndani ya radiatere na ndani ya njia za motere, pole pole. Mimi nilikuwa naona sufuria yangu kila siku, nasugua na ndimu, na sikuwahi kufikiri gari inakunywa maji yale yale.

Na kuna kitu kingine cha huku kwetu ambacho watu wa pwani hawana. Goma iko juu karibu metre 1500, hapa maji yanachemka kwenye 95 hivi, hayangoji 100. Kitu kinachosaidia motere isichemke ni kifuniko ya radiatere, ile springi yake inakaza maji mpaka yanaweza kupita 110 bila kuchemka. Yangu ilikuwa na mupira umekatika, na tulikuwa tumefunga na kitambaa. Kitambaa! Nikikumbuka napata hasira.

Ya tatu ndiyo inaniuma zaidi juu niliiomba mwenyewe. Motere bila turbo inavuta hewa inayoikuta, na huku juu hewa ni nyepesi, kama asilimia 15 pungufu kuliko pwani, kwa hiyo nguvu inapungua, ni kawaida tu. Nikaambia fundi wa pili gari haina nguvu ku mulima. Akakaza ile visi ya nyuma ya pompa, inayoongeza mazutu, nusu zamu. Weee, gari ikaruka! Moshi mweusi nyuma lakini nguvu iko. Nilimulipa na nikamuongezea ya bia. Sasa mazutu bila hewa ya kuyachoma inatoa moshi na inatoa moto, na ule moto unapita kwenye supapu na kwenye kulasi. Hizi motere za ukoo wa 2L na 3L, mahali pake pa kupasuka panajulikana, ni ile nafasi nyembamba ya kulasi katikati ya supapu mbili.

Mwaka 2018, mvua imenyesha, nimepakia sima (simenti ya kujenga) mifuko 28 ya kilo 50. Hesabu wenyewe, kilo 1400, na pikapu hii wameitengenezea kama tani moja. Natoka Sake napanda kwenda Mushaki, vitesi ya pili, matope, mushale wa kipimo ya moto wa motere uko katikati kidogo juu, nauangalia. Mara mushale unaanza kushuka. Nikafurahi! Nikasema inapoa. Nikakanyaga. Baada ya dakika chache harufu kama sukari iliyoungua, kisha mvuke unatoka pembeni ya kapo na nguvu inakwisha.

Hiki nakiandika polepole juu kinaweza kukusaidia: mushale ukishuka gafla mu mulima, wakati gari inafanya kazi nguvu, usifurahi. Kile kitu kinachopima moto kinapima maji yanayokigusa. Maji yakiisha kinabaki mu mvuke, mushale unashuka, na motere iko inaungua. Ungekuwa na hewa ya moto mu kabini ungeisikia imekuwa baridi wakati ule ule. Simama pale pale, acha hata mutu wa nyuma apige klakson mpaka kesho.

Nikasimama, na konvuayeri, mutoto muzuri, mwepesi kusaidia, akarukia na bidoni ya maji ya ziwa akamimina yote mu motere iliyokuwa moto kama jiko. Nikasikia kwa masikio yangu. "Tek." Moja tu, kama kikombe ya glasi ukimimina chai.

Baadaye tulipoiwasha ikiwa baridi, kifuniko ya radiatere wazi, mapovu yakaanza kutoka papo hapo, na ile mupira mukubwa wa juu ukawa mugumu kabla hata maji kupata joto. Hiyo ni gasi ya motere inaingia mu maji. Hapo sasa kufungua kulasi ni haki, ishara imeonekana, haukisii. Ufa ulikuwa silinda ya pili na ya tatu, katikati ya supapu, mwembamba kama unywele, na pistoni ya nne imeshikashika ukuta. Mafundi waliniambia tuchomee. Nikakataa, nikaanza kutafuta motere ya okazyo.

Kununua motere ya okazyo, iliyotumika, ku Birere, soko hapa Goma, ni kazi ya subira, na hapa nilikuwa tayari nimenunua akili kwa bei kali. Ya kwanza walinionyesha ilikuwa imepakwa rangi inang'ara, wamesema imetoka Dubai wiki iliyopita. Nikasema iwasheni baridi. Wakasema imeshawashwa asubuhi, iko sawa. Nikagusa bloku, iko vuguvugu. Motere ya mazutu iliyochoka inawaka muzuri ikiwa moto, ni baridi njo inasema ukweli. Nikarudi kesho yake saa kumi na mbili bila kuwaambia, tukaiwasha, ikahangaika, moshi mweupe, nikafungua kifuniko ya kutia mafuta, ikanipulizia uso kama mutu anapuliza mukaa. Ile pumzi ni gasi inapita pembeni ya pistoni. Nikashukuru, nikaenda.

Ya pili ilikuwa chafu, mafuta na vumbi imegandana, hakuna mutu ameisafisha. Nilipenda ule uchafu juu unaona mahali inavuja. Nilileta fundi na kipimo ya kompresyo (nguvu silinda inakaza hewa), kwa kilo ku sentimeta mraba: 29, 28, 29, 28. Kitabu ya Toyota inataka 32 kwa motere mupya na chini ya 20 imekwisha, na silinda zisiachane zaidi ya 5, na mimi naona ile ya kutoachana ni ya muhimu kuliko yote, motere yenye 26 mara nne naichukua mbele ya ile yenye 31 tatu na 22 moja.

Kabla haijaingia mu gari tulibadilisha mukanda wa ndani, na kile kigurudumu cha kuukaza, na zile mipira mbili za kuzuia mafuta mbele, juu mafuta yakidondokea mukanda yanaulainisha unakatika mapema. Usiamini mutu anayekuambia mukanda ni mupya. Kwenye hizi gari kuna taa ndogo mu dashboard imeandikwa T-BELT, inawaka kila kilometa 100.000 kukukumbusha, lakini ukibadilisha motere ile hesabu haina maana tena, na mukanda ukikatika supapu zinakutana na pistoni. Termostati nikaweka, ya kweli, yenye kisahani cha chini. Kifuniko ya radiatere mupya. Visi ya pompa tukairudisha mpaka moshi ukakwisha. Maji ya ziwa, hapana tena: likidi ya radiatere nusu kwa nusu na maji safi ya kununua, na bidoni moja ya hiyo inakala nyuma ya kiti, konvuayeri anajua motere ikiwa moto hagusi kitu dakika 40. Gari inapanda Mushaki polepole kuliko mbele. Inapanda.

Buati ya vitesi, ile giaboksi, sasa. Hii nitaieleza na siku yake juu siwezi kuitenganisha.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ya Nyiragongo ilitoka, na siku tano nyuma, tarehe 27, asubuhi walitangaza watu watoke mu mitaa mingi ya Goma. Nilipakia watoto, mama, majirani, godoro, sijui tulikuwa wangapi nyuma, tukachukua njia ya Sake kama kila mutu. Ile njia ilikuwa mutu juu ya mutu, gari inaenda metre tano inasimama, metre tano inasimama, na ardhi inatetemeka chini mara kwa mara. Na pale pale vitesi zikaanza kukataa. Ya kwanza haiingii, inasaga, krrrr. Ya kurudi nyuma usiseme. Nilikuwa na jasho mikononi, mama ameshika rozari nyuma ya kichwa yangu, na mimi nasema moyoni buati imekufa, leo, hapa.

Jirani mumoja, papa aliyekuwa shofere wa kamyo, akashuka akaja kwenye dirisha. "Dada, zima motere." Nikaogopa kuzima, nikazima. "Tia ya kwanza." Ikaingia laini kama kisu mu siagi. "Tia ya pili. Ya kurudi." Zote ziliingia. Akasema, "Buati yako iko muzima. Ni ambriyaje, klachi, haiachi. Bakia mu ya kwanza, uwashe hivyo hivyo." Nikawasha vitesi ikiwa ndani, gari ikaruka kidogo na kuanza kutembea yenyewe. Kusimama nazima, kutembea nawasha. Kama hivyo mpaka Sake, masaa mengi, starta ilivumilia sijui kwa neema gani.

Fikiria kidogo ile alinifanyisha. Motere ikizimwa hakuna kitu kinazunguka, meno ya buati yanaingiana bila shida kama yako mazima. Zikiingia wakati imezimwa na kusaga wakati inawaka, maana yake pedali haitenganishi motere na buati vizuri. Zikikataa hata imezimwa, hapo angalia levie na buati yenyewe. Haiombi hata kle (spana) moja.

Na pamoja na hiyo, tuliporudia Goma, nilipeleka gari kwa fundi, nikamueleza, akanisikiliza, akasema ni sinkro, zile pete za ndani ya buati. Akashusha buati. Nilikuwa nimechoka sana zile siku, watoto wawili wanaumwa, sikuwa na nguvu ya kubishana. Siku nne buati iko chini. Sinkro ziko sawa. Walipoanza kurudisha njo mutoto wa garaji akainua kile kipira kwenye silinda ndogo ya ambriyaje, ile ya chini pembeni ya buati, na likidi ya freni ikamwagika mukononi kwake, ile likidi njo inasukuma ambriyaje iachie. Kirakiti yake, mipira miwili na springi, nililipa dola 8. Kazi ya kushusha na kupandisha sitaandika nililipa ngapi.

Zaidi ya hapo, wakati wa kurudisha walitia buati mafuta ya pon (difu, ile ya kugawa nguvu ku magurudumu). Nilijua juu asubuhi ya pili yake vitesi ya pili ilikuwa inasaga mpaka gari ipate joto, kitu haikuwahi kufanya. Kwenye pon meno yanateleza moja juu ya lingine kwa nguvu sana, yanataka ile GL-5 yenye dawa nyingi ya salfa na fosfori. Lakini pete za sinkro ni za shaba na kazi yake ni kushika, kufunga breki kidogo ili meno yakutane kwa mwendo moja. Ukizipakia kitu cha kuteleza sana haziwezi kushika, na dawa nyingine zinakula shaba. Mimi buati natia 75W-90 ya GL-4, yenye dawa kidogo, pon GL-5, na nimeandika na rangi nyeupe kwenye chasi ili fundi yeyote asome.

Ukienda kumwaga mafuta ya buati anza na visi ya juu, ile ya kujazia, kle ya 24. Ikikataa kufunguka bado uko na mafuta yako ndani na unaweza kutembea kwenda kutafuta kle nzuri. Nimeona gari ya jirani imemwagwa mafuta yote, kisha visi ya kujazia imekula kona, ilikala siku mbili mbele ya garaji juu ya mawe ya lava na mali ya watu inaoza.

Kelele za buati nazipima hivi, haraka: vitesi huru, motere inawaka, muguu nje ya pedali, kama kuna muvumo na unakwisha ukikanyaga, ni rulema (beringi) ya mbele ya buati. Kama kelele inakuja wakati unakanyaga, ni rulema ya ambriyaje. Kama vitesi ya tano inaruka yenyewe ukishuka mulima, hapo ndani kuna kitu kimekula, shusha.

Sasa tangu Jumatatu kuna kitu kipya. Asubuhi, baridi, kelele nyembamba mbele, nzzz nzzz. Nilikanyaga pedali, haibadiliki, kwa hiyo buati hapana. Nikanyunyizia mukanda wa feni maji kidogo, haibadiliki. Leo mutoto wangu wa kike aliwasha gari, mimi nikafunga kitambaa kichwani vizuri juu ya feni, nikaweka turnevisi ya muzee kwenye alternatere: imenyamaza. Nikaweka kwenye pompa ya maji, na pale mupini ukaniletea muchanga unasagwa. Chini ya ile pompa kuna katundu kadogo, nikapitisha kidole, kimetoka na ukoko wa kijani wa likidi. Nimempigia simu mutu wa rishanji (vipuri), pompa iko, anataka dola 35, atashuka mpaka 30. Fromaji ya Jumamosi itashuka na gari ya jirani.